Kiti cha Mwalimu wa la Kwanza

Kwa miaka yote niliyomjua pale Kimamba, sikuwahi kumwona amekaa. Najua wapo watakaonibishia, watasema msibani alikaa. Msibani ndipo hasa hakukaa. Wenzake wamejipanga mkekani, yeye yuko jikoni anakoroga, mara yuko uani anagawa sahani, mara yuko barabarani anawaelekeza wageni pa kupita. Ukimwambia, "Mwalimu, keti basi," anakujibu, "Nitapumzika nikizikwa mimi, leo kazikwa mwingine."

Darasani alikuwa na kiti cha mbao chenye mgongo mzuri, kazi ya fundi wa pale karibu na stesheni. Kilikuwa cha kila mtu isipokuwa yeye. Mwaka mmoja alikikalia mtoto mwenye mguu mbovu, asiyeweza kujikunja kwenye dawati. Mwaka mwingine akakikalia mtoto mwenye ualbino, kimesogezwa karibu kabisa na ubao, mbali na dirisha linaloingiza jua. Mwaka wa mwanangu Zuhura, kiti kilihamia mbele, mkono wa kushoto, kikaegemezwa ukutani. Nilipouliza kwa nini ukutani, Mwalimu alisema, "Ili dunia yote iwe mbele yake. Asiyesikia vizuri akikaa katikati ya watu, kila saa anashtuka."

Jina lake nalijua, silitaji. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu wa la Kwanza, hata alipopangiwa darasa la tatu. Alizaliwa wapi na nani, msiniulize. Yeye hakuwa na muda wa kuyasimulia, na mimi nilikuwa na cherehani inanisubiri.

Namwandika kwa sababu ya sketi. Likizo iliyopita Zuhura alirudi kutoka sekondari ya bweni anakosoma kidato cha pili, akaiweka sketi yake ya shule juu ya cherehani yangu, akasema, "Mama, ipunguze, mpe mtoto wa mteja. Mimi sirudi tena. Nifundishe kushona." Nilibaki na mkasi mkononi. Huko nitafika. Lakini lazima kwanza mjue huyu Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, na mniwie radhi nikirukaruka, maana hili jambo halijanitulia mpaka leo.

Nianze na shikamoo, kwa sababu ndiyo iliyofanya nimchukie mwanzoni. Shule zote mwalimu akiingia, watoto husimama wakaimba, "Shikamoo mwalimuuu," naye akajibu marahaba, wakakaa. Mwalimu wa la Kwanza alikataa. "Hiyo ni kwaya," alisema. Kila mtoto amwamkie peke yake, mlangoni, asubuhi, mmoja mmoja. Na darasa lenyewe lilikuwa limefurika hadi watoto wengine wanaandikia magotini! Siku nyingine alisimama mbele yao. Siku nyingine alijificha nyuma ya mlango, au akawapa mgongo na kuita jina la mtoto kwa sauti ndogo. Wazazi tukasema, yule mama anapenda ukubwa. Shikamoo moja ya pamoja haimtoshi, anataka ya kila mtu.

Basi siku moja akanifuata mpaka kwenye kibanda changu cha kushonea. Hakukaa, bila shaka. Alizunguka meza yangu, akashika kitambaa, akakiacha.

"Mama Zuhura, mwanao ananiamkia vizuri sana nikiwa mbele yake."

"Ahsante, Mwalimu."

"Ngoja kushukuru. Nikimwita kutoka nyuma ya mlango ananipita kama nguzo. Nyumbani mkimwita, mnakuwa mmesimama wapi?"

Swali gani hilo? Nilitaka kumwambia aniache na kazi yangu. Kisha nikafikiri, nikaisimamisha cherehani. Maana Zuhura alikuwa na sifa mbaya kwetu. Mtoto wa kike ukimwita anatakiwa aitike "Abee" hata kama ana jipu mdomoni. Zuhura unamwita mara hii anaitika, mara ile anaendelea kuchora chini na kijiti. Mtu mzima anapita nyuma yake, haamkii. Wakwe zangu walisema ana jeuri, ameirithi kwa mama yake. Mimi nilijua mwanangu hana jeuri, ila sikuwa na la kuwajibu.

Hospitali ya Morogoro walithibitisha baadaye. Sikio la kushoto halifanyi kazi, la kulia linasikia nusu nusu. Lakini Mwalimu alikuwa ameshajua, bila mashine, kwa kujificha nyuma ya mlango na kungoja shikamoo.

Treni nayo aliitumia. Reli haiko mbali na shule, na treni ya mizigo ikipiga honi, walimu wengine hukasirika, somo limekatika. Yeye alifurahi. Alinyamaza na kuwatazama watoto usoni, nani anageukia dirisha mara moja, nani anageuka kwa sababu tu mwenzake amegeuka. Hao wa pili ndio aliowahamisha viti siku hiyo hiyo. Alikuwa akihamisha watoto kila mara, mpaka mwalimu mkuu akalalamika kwamba darasa lile kila akiingia analiona jipya.

"Kila mtoto ni nyumba yenye mlango," alikuwa akisema. "Mlango hauko mbele kila siku. Zunguka nyumba." Aliusema msemo huo mpaka ukachosha, tena kwa sauti ya kugombeza. Na kweli alizunguka. Herufi za ubaoni zilipomshinda mtoto mmoja, alikwenda kuokota kamba za katani kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, akazisokota a, e, i, o, u, akazigandisha kwenye maboksi, mtoto akazisoma kwa vidole. Mwingine alikuwa hawezi kutulia hata dakika, anapanda dawati, anashuka. Wengine wangemchapa. Yeye alimpa kazi ya kufuta ubao, kufungua dirisha, kufunga dirisha, kupeleka chaki darasa la jirani na kuirudisha. "Huyu ni ndugu yangu," alisema. "Sisi akili yetu iko miguuni."

Akaja pia mtoto wa wafugaji, nyumbani kwao Kiswahili hakizungumzwi. Walimu wakasema ni mzito. Mwalimu wa la Kwanza aliwaka. "Mzito? Wewe nikupeleke kwao leo, ufundishwe kuhesabu ng'ombe kwa lugha yao, tuone nani mzito." Akamfuata bibi wa yule mtoto mnadani, akajifunza kusema njoo, kaa, sikiliza, vizuri. Aliyatamka vibaya, darasa zima likacheka, na mtoto yule akacheka kuliko wote. Toka siku hiyo akaanza kuzungumza.

Ila lililonikaa kichwani ni swali lake. Hakuwahi kuuliza, "Mmeelewa?" Alisema ukiuliza hivyo, watoto wote watajibu ndiyo, hata yule aliyelala. Yeye aliuliza, "Nimesema nini?" Na anayejibu "Sijui" alipigiwa makofi ya kilo. Naam, makofi! Pa, pa, pa, darasa zima. Nilidhani ni kuwaharibu watoto, mpaka aliponieleza. "Mama Zuhura, anayesema sijui amenifungulia mlango. Anayenitisha ni huyu anayetingisha kichwa huku hajasikia kitu. Huyo atatingisha kichwa mpaka atoke shule."

Zuhura alikuwa bingwa wa kutingisha kichwa. Alikuwa akitabasamu, anaitikia ndiyo, anatazama midomo, anakisia. Mwalimu alimkatalia. "Zuhura, nimesema nini?" Kimya. "Nimesema nini?" Siku aliposema "Sijui" kwa mara ya kwanza, makofi yale niliyasikia mimi barabarani nikipeleka sare za wateja.

Msidhani namchora malaika. Subira yake yote iliishia kwa watoto, watu wazima tulibakiwa na makombo. Mzazi akichelewa mkutanoni anamsema mbele za watu, na yeye mwenyewe alikuwa akichelewa mikutano yote ya walimu. Mwalimu mkuu alipotaka watoto wanaosuasua wakae nyuma, ili wanaoelewa wasicheleweshwe, alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha kesho yake akampelekea mihogo ya kuchemsha kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na hakusaidiwa. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kuliko yote. Yeye aliyewahangaikia wenzake usiku na mchana, ukimpokea ndoo ya maji anakunyang'anya. Alianguka na baiskeli karibu na kibanda changu, goti likachanika, nikakimbia na kitambaa. "Niache, mimi si mgonjwa!" Akasukuma baiskeli huku damu inamtiririka mpaka kwenye soksi. Alipoanza kuona herufi kwa shida alikataa miwani, akasema ni chapa ya vitabu siku hizi ndiyo imekuwa mbaya. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe nawe ni nyumba isiyo na mlango." Hakucheka.

Lakini siku ya baba mkwe ndiyo siku niliyompenda. Baba Zuhura ni utingo wa malori, nyumbani anapita tu, kwa hiyo mwenye neno la mwisho alikuwa baba yake. Mzee akaja kutoka Munisagara na uamuzi mkononi: Zuhura aache shule, aende akakae naye, afundwe adabu. Alikaa uani kwangu, fimbo katikati ya magoti.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Mimi namwita, ananipa mgongo. Mbele za watu! Mtoto wa hivyo shule itamsaidia nini?"

Nilimtuma jirani amwite Mwalimu. Alifika akihema, akapiga goti mbele ya mzee. Yule mkali wa kugombeza walimu wenzake alipiga goti chini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu."

"Babu, hilo la mkuu halijawahi kumfikia. Naomba umwite hapo hapo ulipo."

Zuhura alikuwa amechuchumaa, ametupa mgongo, anapanga vizibo vya soda alivyopewa shuleni vya kuhesabia. Mzee akaita. Hakuna kitu. Akaita tena kwa ukali, kuku wakakimbia. Zuhura akaendelea kupanga vizibo.

"Unaona?" mzee akasema.

"Naona. Sasa babu, zunguka. Nenda mbele yake, akuone mdomo, umwite polepole."

Mzee aliniangalia mimi, kana kwamba ni mimi niliyempa amri. Nadhani lile goti ndilo lililomshinda, maana aliinuka, akazunguka, akainama. Hata kabla hajamaliza kuita, Zuhura alirusha vizibo, akamshika babu yake mikono yote miwili, akasema kwa sauti kubwa, "Shikamoo babu!"

Mzee midomo ilimcheza. "Marahaba," akasema, "marahaba, mjukuu wangu." Halafu akamuuliza Mwalimu, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siku zote hizi alikuwa hasikii?" Akarudi Munisagara peke yake, na tangu siku hiyo akija alikuwa akizunguka kwanza ndipo aite.

Hivyo ndivyo Zuhura alivyobaki shuleni, akasoma, akafaulu, akaenda sekondari. Mwalimu akastaafu, akahamia Mikumi kwa binti yake mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Tulipigiana simu mwanzoni. Baadaye nikipiga anajibu mambo mafupi mafupi, "Vizuri, vizuri, nisalimie watu," anakata. Kisha akawa hapokei kabisa. Nilijisemea, Mwalimu ametuchoka.

Ndipo ikaja ile sketi.

Huko bweni, Zuhura aliniambia, walimu huandika ubaoni huku wanaongea, midomo haionekani. Anakaa safu ya nyuma kwa sababu ni mrefu. Wenzake wakicheka, anacheka. Akiulizwa kama ameelewa, anasema ndiyo. Amechoka. Nilibishana naye siku nzima, nikapandisha sauti, na kupandisha sauti kwa mtoto asiyesikia ni ujinga, lakini nilipandisha. Na nisiseme uongo, kipande cha moyo wangu kilitamani kumpa cherehani ya pili, akae pembeni yangu, basi. Nikashindwa kulala, nikashindwa kushona. Jumamosi nikamwambia, twende kwa Mwalimu wa la Kwanza. Akikwambia uache, utaacha.

Tulishuka Mikumi jua limeshapanda. Mgahawa tuliupata bila shida, malori yamejipanga mbele yake, madereva wanakunywa supu. Mwalimu alikuwa ndani, kwenye kona, anachambua maharage kwenye ungo.

Alikuwa amekaa.

Sijui niwaelezeje. Kiti cha mbao, mgongo ukutani, miguu imetulia. Nilihisi vibaya kana kwamba nimemkuta mgonjwa. Nikasogea kutokea ubavuni, nikainama, "Shikamoo Mwalimu." Hakujibu. Nikarudia. Mkono wake ukaendelea kutupa vijiwe vya maharage. Uso ulinichoma kwa aibu, maana mkubwa akikunyima marahaba mbele za watu, ujue una kesi. Nikafikiri, kweli ametuchoka.

Kisha akainua macho, akatuona, akaruka juu na ungo ukamwagikia mezani. Akatukumbatia. Akampima Zuhura urefu kwa mkono, akacheka, akaagiza chai, akakaa tena upesi pale pale kwenye kona. Nikaanza kumweleza, maneno yananitoka mbio, magari nayo yananguruma nje.

"Mwalimu, nimeletwa na shida. Zuhura anataka kuacha shule."

Akatabasamu, akatingisha kichwa. "Mungu ni mwema. Hongereni sana."

Nilimtazama. Nilitaka kulia, kisha nilitaka kupindua ile meza. Hongereni? Nimetoka Kimamba na mtoto wangu niambiwe hongereni? Nikafungua mdomo, lakini Zuhura akanishika mkono.

"Mama, hajasikia."

"Anasikia, si ameitikia?"

"Mama. Amekaa mgongo ukutani, kama mimi."

Akainuka. Akabeba kigoda, akaizunguka meza, akakiweka mbele kabisa ya Mwalimu, mwanga wa mlangoni ukimwangukia yeye usoni. Akakaa, magoti yakigusana na ya Mwalimu.

"Mwalimu," akasema polepole, "mama amesema nini?"

Tabasamu la Mwalimu likabaki mahali pake muda kidogo, kisha likaondoka. "Nimesikia alichosema."

"Amesema nini?"

"Zuhura, usinichezee. Mimi si mgonjwa."

"Amesema nini, Mwalimu?"

Binti yake alikuwa amesimama mlango wa jikoni na upawa mkononi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Unamhojije mwalimu wako hivyo? Mwalimu alitazama maharage, akatazama mikono yake, na nikaona macho yake yanajaa.

"Sijui," akasema.

Zuhura akapiga makofi. Pa, pa, pa. Peke yake, mgahawa mzima ukageuka. Mwalimu akafunika uso kwa kanga, nikadhani ameudhika, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko na machozi kwa pamoja.

Alipojifuta, alikuwa yule yule wa zamani, mkali. "Haya. Sasa na wewe. Mama yako amesema nini?"

"Amesema nataka kuacha shule."

"Kwa nini?"

"Walimu wanaongea huku wametazama ubao. Sisikii."

"Umewaambia?"

Zuhura akainamisha kichwa. Mwalimu akamwinua kidevu, wapate kuonana midomo.

"Umewaambia, au unatingisha kichwa?"

"Natingisha kichwa."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

Nilitaka kusema kitu, na kwa mara moja katika maisha yangu nikauzuia mdomo.

"Wewe sema kwanza," Zuhura akamwambia. "Ukisema, na mimi nitasema."

Mwalimu alikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona amekaa. Kisha akamwita binti yake kwa mkono. "Njoo hapa mbele. Hapana, zunguka, nikuone mdomo." Yule binti akazunguka na upawa wake, supu inadondoka sakafuni. "Mwanangu, mimi sisikii. Unaponiita nikakaa kimya, si kwamba nimekununia. Sisikii."

Binti akasema, "Mama, na mimi nilidhani umechukia kukaa kwangu." Akauweka upawa juu ya maharage, akamshika mama yake mikono yote miwili, na safari hii Mwalimu hakumnyang'anya.

Zuhura aliwatazama. Halafu akanigeukia mimi, uso umemkunjamana kwa wasiwasi.

"Mama, ile sketi hujaikata?"

Sikuwa nimeikata. Nilikuwa nimeificha chini kabisa ya rundo la vitambaa, mahali ambapo hata mimi ningepata taabu kuifikia.

"Sijaikata," nikasema. Nikakumbuka, nikainuka, nikazunguka meza mpaka mbele yake, nikamwambia tena.